Uzoefu wangu na godauni la Tanga: bandari safi, wapangishaji Mungu anawaona

Kama unatafuta godauni Tanga la kuweka mzigo ukishatoka bandarini, soma hii kwanza halafu ukalipe kama bado una moyo. Jina la godauni silitaji, sitaki kesi, ila ni moja ya yale majengo ya zamani ya enzi za mkonge, mlango mkubwa wa mbao, ndani giza, bati refu kama la kanisa.

Mimi nauza vigae na masinki Arusha. Miaka yote mzigo wangu ulikuwa unapita Dar, kilomita zaidi ya 600 mpaka dukani, na mafuta ya lori mnayajua wenyewe. Walipomaliza kuchimba bandari ya Tanga nikasema ngoja nijaribu huku, maana ni kilomita 430 hivi tu. Mambo ya kina cha maji sijui urefu wa gati mtayakuta kila mahali, kwangu mimi la maana lilikuwa moja tu, habari ya matishari. Zamani meli ilikuwa inatia nanga kule mbali, zaidi ya kilomita moja na nusu kutoka gatini, mzigo unashushwa kwenye tishari, tishari linakokotwa mpaka gatini, unashushwa tena. Vigae vishushwe mara mbili! Nani atalipa vilivyopasuka? Sasa hivi meli inalala gatini kabisa, na mzigo wangu wa kwanza ulitoka salama, sinki hata moja halikuchubuka. Bandari naipa nyota tano, sibishani na mtu.

Tatizo lilianzia nje ya geti.

Nikampata dalali, kijana ana maneno matamu huyo, akaniambia mama hapa umefika, karibu na bandari, karibu na reli, ulinzi saa ishirini na nne, feni zinazunguka. Feni sijaziona mpaka leo. Nikalipa kodi ya miezi sita mbele kwa nusu ya upande wa kushoto, nikapanga maboksi yangu juu ya palati, masinki pembeni, nikafunika na turubai, nikarudi Arusha roho kwatu.

Kipindi cha masika nikaja na fuso kuchukua mzigo wa mteja wa hoteli. Nafungua mlango, turubai langu silioni. Naona mlima wa mifuko ya chokaa. Chokaa! Juu ya vigae vyangu! Yaani wamepanga mifuko ya mtu mwingine juu ya maboksi yangu mpaka karibu na bati, maboksi ya chini yamebonyea, mengine yamechanika pembeni, chokaa imemwagika mpaka ndani ya masinki, na pale bati linapovuja imeshakuwa uji mweupe umegandia kwenye bomba. Fuso iko nje inanguruma, dereva anapiga honi, mteja anapiga simu.

Nikamwita msimamizi. Akaja taratibu, ana mhogo wa kukaanga mkononi, hata salamu hana. Namuuliza kaka yangu hiki ni nini, si nimelipia hapa? Akatafuna, akameza, akaniambia, "Mama, wewe ulilipia sakafu. Juu ni hewa."

HEWA. Nilidhani anatania. Hatanii! Akaanza kunielekeza kwa kidole chenye pilipili, mkataba unasema mita za mraba, haujasema kwenda juu, kwa hiyo nafasi ya juu ni ya bosi anaweza kumpa anayetaka. Nikamwambia na hivyo vilivyovunjika? Akasema vigae huvunjika mama, ndiyo maana vinauzwa na vya ziada. Mimi nina umri wa kumzaa yule kijana. Shikamoo hakunipa wakati wa kuja wala wakati wa kuniharibia biashara.

Na unajua kinachowapa kiburi? Wanajua huna pa kwenda. Serikali imemwaga bilioni 429 kwenye ile bandari, wanasema imetoka kwenye uwezo wa tani 750,000 kwa mwaka mpaka milioni 3, bomba la mafuta kutoka Uganda mwisho wake ni hapo Chongoleani, sasa kila mwenye kuta nne na bati anajiona tajiri wa maghala. Gati limepanuliwa lakini magodauni ni yale yale ya babu, sakafu ina mashimo, semi haiwezi hata kugeuza, na kodi inapanda kila ukigeuza shingo. Mtu akijenga ghala la maana pale, lenye sakafu ya zege na taa na msimamizi anayejua kusalimia, atapata wapangaji kabla hajaezeka.

Hawa wa godauni nilitaka nisiwape hata nyota. Basi nawapa moja, na hiyo si yao, ni ya mzee mlinzi aliyevua shati akasaidiana na vibarua kuteremsha ile mifuko bila mimi kumwomba, akanisafishia masinki na ndoo ya maji, nikimpa hela ya soda anakataa.

Sasa mtaniuliza umehama? Sijahama. Msinicheke. Nilizunguka mji mzima na bodaboda, ya karibu na bandari yamejaa, ya mbali ukijumlisha gari la kuhamishia mzigo bora ningebaki Dar. Kodi ilipoisha nikarudi kwa msimamizi yule yule, nikachukua kalamu nikaandika mwenyewe kwenye mkataba "kutoka sakafuni mpaka kwenye bati", nikamwambia saini hapo. Akasaini, tena kwa dharau, anacheka na simu yake.

Hela ya vigae vilivyovunjika hawajalipa mpaka naandika hapa. Kila nikipiga bosi yuko safarini, sijui safari gani hiyo isiyo na kurudi. Kwa hiyo bandari nendeni bila wasiwasi, ila kabla hujalipa godauni piga picha pembe zote na bati pia, na nitajieni bei za magodauni ya huko Pongwe, nje kidogo ya mji, mnaojua, nataka kuhamisha hata masinki tu kwanza.