Kamba ya kumfungia punda malishoni: nunua kizungushio kwanza, kamba baadaye

Tangu masika yaishe napokea malalamiko ya namna moja huku Zanzibar, kutoka Mkoani, Bumbwini hadi Makunduchi. Punda kanenepa, juu ya shingo kaota nundu ngumu inayolalia upande, na asubuhi anakanyaga kwa kusitasita utafikiri ardhi inamuunguza. Si ajabu. Pikipiki za magurudumu matatu zimechukua mizigo iliyokuwa ya gari la punda, mnyama yuko bure, majani mabichi yamemzunguka, na asili yake ni nyika kavu za Pembe ya Afrika. Mwili wake umeumbwa kuweka akiba. Ukimkuta kwato za moto na anaegemea nyuma kuipumzisha miguu ya mbele, basi acha habari ya kamba, muite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Kwa wale ambao hawajafika huko, swali ni moja: ninunue kamba gani nimpunguzie malisho? Uingereza, wenye farasi wadogo wa Shetland wanaokumbwa na maradhi haya haya ya unene na kwato huwavisha kikapu cha mdomo chenye tundu, wakang'ata kidogo kidogo. Vikapu hivyo sijaviona katika maduka yetu. Chombo chetu ni kamba na kigingi, na kikitumika vizuri kinafanya kazi.

Msomaji mmoja wa Pemba kanitumia picha. Punda wake kafungwa kwenye mnazi, kamba imezunguka shina mpaka ikamalizika, pua imegusana na gome, ndoo ya maji iko nyuma ya mkia wake na jua la mchana liko kichwani. Majani ya kuzunguka mnazi hayajaguswa. Mwenyewe ananiambia kamba ni mpya, ya bei, na haijakatika. Naam, haijakatika! Kila mtu akinunua kamba anaivuta kwa mikono miwili aone kama ni imara. Hakuna anayeuliza kama itajisokota.

Punda hula huku akizunguka. Kila mzunguko unaisokota kamba, na kamba iliyosokoteka hujikunja vitanzi. Vitanzi vinaifupisha, kisha vinamnasa mguu juu ya kwato na kumchuna ngozi. Mwenye punda akiona hivyo siku ya pili anamwachia kamba ndefu kwa huruma, punda anakula mpaka anapumua kwa shida. Hapo hukumpangia chakula, kamba ndiyo iliyompangia: leo njaa, kesho karamu. Na punda mnene kukaa na njaa ghafla ni hatari kubwa, maana mafuta ya mwilini humwagika kwenye damu na kulijaza ini, na anaweza kufa. Kupunguza malisho si kumnyima. Majani mabichi yakipungua, weka mabua makavu ya mahindi au ya mpunga yasiyo na ukungu, na maji yawe karibu wakati wote.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kununua ni kizungushio: kile kipande cha chuma chenye pete mbili, kila pete inazunguka peke yake. Wavuvi wanakijua, wanatia kidogo chake kwenye mshipi usisokoteke. Wewe unataka kikubwa, kimoja kwenye kigingi na kimoja kwenye mkanda wa shingo. Mimi nasimama na Crosby, ya Marekani, na sitaki kuficha upenzi wangu. Ni chuma kilichofuliwa, si cha kumiminwa, na kimepakwa zinki. Ukikikosa, tafuta cha chuma kisichoshika kutu na uende na sumaku mfukoni. Chuma kizuri kisichoshika kutu hakinasi sumaku kwa nguvu. Nimeuziwa mjini kizungushio kwa maneno matamu, "Bibie, hichi hata ukikitupa baharini", na mvua za vuli hazijaisha kimeganda kwa kutu. Kizungushio kilichoganda ni sawa na kutokuwa nacho.

Kigingi nacho kilale chini kabisa, usawa wa ardhi, kamba isipate pa kupanda. Kwenye uwanda wa mawe, kule Jambiani na Makunduchi, ambako kigingi hakiingii, zika nondo kwa zege na uache pete tu juu. Na kumfunga kwenye mnazi au mkarafuu muache, hapo kizungushio hakisaidii kitu.

Sasa kamba zenyewe. Ya kwanza kwangu ni Garware, ya India, ile nene ya nyuzi tatu za kusokotwa, milimita 14 au zaidi. Ni ngumu kidogo mkononi na ugumu huo ndio ninaoutaka, kwa sababu haikubali kujikunja vitanzi upesi. Chagua iliyotiwa kinga ya jua, na siku ukiiona inaota manyoya meupe, ibadilishe. Ya pili ni mnyororo mwepesi. Haujisokoti kirahisi, lakini chumvi ya hewa yetu inaula, na ni mzito kwa punda mdogo. Ya tatu ni katani ya Tanga: ikirowa fundo linakaza mpaka ulitafutie kisu, na masika moja inaanza kuoza. Kamba ya makumbi naipenda kwa kazi nyingine. Kwa punda mzima ni dhaifu. Zile za nailoni nyembamba za rangi, rahisi kuliko zote, zinakata nyama. Usinunue.

Urefu usiupuuze. Mita 3 zinampa punda duara la mita za mraba 28 hivi, mita 6 zinampa 113, ukiacha shingo yake. Ukizidisha kamba mara mbili, majani yanazidi mara nne. Anza na mita 4, umuangalie wiki kwa wiki kwa kumpapasa mbavu, na umfunge shingoni kwa mkanda mpana, kamwe si mguuni.

Na hapa kwenye urefu ndipo wauzaji wanapotuumiza. Kamba inauzwa kwa pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, na pima ya muuzaji ni mikono iliyokunjwa viwiko. Ukilipia pima nne ukaenda kupima nyumbani, unakuta umepunjwa. Wengine wanauza kwa kilo, na kamba imelala kwenye sakafu ya maji, unalipia maji. Nimemwambia mmoja, "Kaka, nyoosha mikono", akanijibu kuwa wateja wote wanapimiwa hivyo. Ndiyo, na wote wanaibiwa hivyo. Jengine linaloniudhi ni bei: kamba ile ile, duka moja bei hii, mlango wa pili bei nyingine, na ukivaa vizuri inapanda. Ulizeni maduka matatu kabla ya kutoa pesa, muende na futi zenu, na kamba ipimwe ikiwa kavu, imenyooshwa chini, mbele ya macho yenu.