TAHADHARI: "Seti ya feni na chujio" ya makabati ya uyoga, Dar

Wakulima wa uyoga wa ndani, hasa nyie wa Goba, Kimara na Mbagala mnaotumia makabati, kuna mtu anauza seti ya feni na chujio la mkaa kwa laki mbili na themanini. Msitume hela. Mimi ni fundi umeme. Wateja wameniletea seti zake niwafungie, nikazifungua, na zote ndani ni uchafu uleule.

Feni imebandikwa karatasi ya "inchi 6, volti 220". Ukiibandua unakuta feni ya kompyuta ya volti 12 iliyopachikwa kwenye kipande cha bomba la plastiki. Feni hiyo ikiwa wazi inapuliza vizuri tu, ila haina nguvu ya kuvuta hewa kupita kwenye mkaa wenye unene wa sentimita 4. Ukiifunga na chujio, hewa inasimama. Uyoga mamama (oyster) ukikosa hewa safi hauchelewi kuonyesha: shina linarefuka, kofia inabaki kama kifungo cha shati. Kuna mama mmoja aliutupa mzao mzima akiamini mbegu ndiyo mbovu. Iliniuma sana, maana mtaji wenyewe ulikuwa wa kikoba.

Sasa chujio. Ni chenga za mkaa wa kupikia zilizozungushiwa sponji nyeusi. Mkaa amilifu, ule unaonasa harufu, mara nyingi hutokana na vifuu vya nazi vilivyochomwa kisha kupitishwa mvuke kwenye joto la nyuzi 800 au zaidi, hadi ukajaa vitundu visivyoonekana kwa macho. Gramu 1 tu ina eneo la ndani linalopita mita za mraba 500. Wa jikoni hauwezi kuufikia. Ukitaka kujua, dondoshea chenga kavu kwenye glasi ya maji: mkaa amilifu hutoa mapovu madogo mfululizo kwa muda, hewa ikitoka kwenye vitundu. Pima na uzito pia. Chujio la kweli la inchi 4 lina kilo kadhaa. Lake unalinyanyua kwa vidole viwili.

Na hata angeuza la kweli, bado anawadanganya anaposema linafaa kabati la uyoga. Humo ndani unyevu ni asilimia 80 hadi 90, na mkaa amilifu huanza kudhoofika unyevu ukipita 70 hivi kwa sababu maji yanajaza vitundu. Spora, lile vumbi la uyoga uliokomaa, nazo zinaliziba. Harufu ya uchachu anayoahidi kuimaliza kwa kawaida inatoka kwenye mfuko wa kuoteshea uyoga ulioharibika, majani yaliyomo hayakuiva vizuri wakati wa kuchemsha. Mfuko huo utoe kabatini.

Kinachotakiwa ni feni ya kweli juu ya kabati, bomba la kutoa hewa nje kabisa, mbali na dirisha la chumba cha kulala kwa sababu spora zinadhuru mapafu, na matundu ya kuingizia hewa chini yenye neti. Washa udi karibu na tundu la chini. Moshi ukivutwa ndani, hewa inatembea.

Anavyowapata: anasema duka liko Kariakoo, ukitaka kwenda "tunahamisha stoo". Anatuma bodaboda, na boda hakuruhusu kufungua boksi kabla hujalipa. Jina linalotokea kwenye simu wakati wa kulipa si la duka. Ukilalamika, anakublock. Ukurasa ameshaubadilisha jina, picha ni zilezile.

Mliokwisha kulipa, msifute ujumbe wa muamala wala mazungumzo; nendeni navyo polisi. Namba yake itumeni 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu. Bidhaa yenyewe pelekeni malalamiko Tume ya Ushindani, mkiwa na boksi na ile karatasi ya bandia. Feni msiitupe. Ikipewa adapta ya volti 12 inafaa kuzungusha hewa ndani ya kabati, mradi isielekezwe moja kwa moja kwenye mifuko, itaikausha.