Nozeli za Hiace yangu: zipimwe mbele ya macho yako kwanza

Nina Hiace ya dizeli, injini ya aina ya 3L, ninayobebea samaki kutoka Likoni hadi Kongowea, hapa Mombasa. Kwa miezi miwili ilikuwa ikinitia aibu kwenye feri. Tukikaribia kisiwani nawasha, inakataa, inakataa, halafu inashika kwa kugonga na wingu la moshi mweupe unaonuka dizeli mbichi. Siku moja mama aliyesimama ubavuni alimfunika mwanawe uso kwa leso. Iliniuma sana.

Karakana ya kwanza waliniambia ringi za pistoni zimekwisha, injini ifunguliwe, shilingi 85,000. Hawakushika hata spana.

Jirani yangu, dereva wa trela, akanielekeza kwa fundi wa pampu za dizeli huko Changamwe. Mzee mpole. "Mwanangu," akasema, "injini haifunguliwi kwa kubahatisha." Akaiacha ikinguruma, akawa analegeza nati ya bomba la kila injekta, kile kifaa kinachopulizia dizeli kwenye silinda, moja baada ya nyingine, ili silinda yake ikose dizeli. Ya kwanza, ya pili na ya nne, injini iliyumba. Ya tatu, wala haikushtuka. Silinda hiyo ilikuwa imelala.

Injekta zote 4 zikang'olewa, zikafungwa kwenye mashine ya mkono ya kupimia. Nozeli, yaani ncha ya injekta, ikiwa nzima hupuliza dizeli kama ukungu na hukoroma kidogo unapobonyeza mkono wa mashine. Ile ya tatu ilirusha mstari mmoja kama bomba la maji, na saa ya presha ikasoma baa 80 hivi, ilhali inatakiwa kuvuka 100. Kisha akashikilia presha chini kidogo ya hapo inapofungukia, akahesabu. Kwa sekunde 10 lisidondoke tone. Hajafika 4, tone lilikwisha anguka. Ya pili nayo ikavuja. Nilipotaka kusogeza kidole alinifokea, na alikuwa na haki: dizeli ya presha ile hupenya ngozi, na hilo ni jambo la hospitali.

Akaifungua ya tatu, akaiosha kwa dizeli safi, akaiinamisha, akavuta sindano ya ndani ya nozeli nje kama theluthi na kuiachia. Inatakiwa izame yenyewe kwa uzito wake. Hii ilikwama njiani. Nilipoishika kwenye mwanga niliona mikwaruzo myembamba ubavuni. Hapo nikakumbuka dizeli ya mitungi niliyokuwa nikinunua njiani kwa bei rahisi. Dizeli iliyotiwa mafuta ya taa hailainishi sindano, chuma kinasagana na chuma.

Mimi nilitaka kubadilisha zote 4, yeye akakataa, mbili bado nzima. Nikanunua nozeli mbili, 3,500 kila moja. Kilichonifanya nimwamini kabisa ni kwamba hata hizo mpya alizipima, na moja ikavuja ingawa imetoka kwenye boksi! Aliirudisha dukani mwenyewe. Akasawazisha presha za zote 4 kwa vipande vyembamba vinavyokaa juu ya springi, akafunga kwa pete mpya za shaba (washa). Ufundi 4,000.

Lawama yangu ni moja, kazi ilichukua siku tatu na ilibidi nikodi gari la kubebea samaki. Lakini ningerudi kwake hata kesho.

Jumamosi tulipofika upande wa kisiwani niliwasha mara moja tu. Hakuna aliyegeuka kutazama.