Shime sikio mbili za mama baada ya miezi minne: kusikia ndio, ila kikubwa kaacha kupepesuka

Naandika kwa wenye wazazi wanaosikia kwa shida na pia wanayumba wakitembea, maana mi nilinunua shime sikio (vile vifaa vya kuvaa sikioni vya kusaidia kusikia) ili mama asikie simu na mahubiri tu, kumbe zimekuja kusaidia na kitu ambacho sikukiwaza kabisa.

Mama ana miaka 71, tunakaa Mbagala. Shida yetu ilikuwa barabarani. Bodaboda ikipita karibu anashtuka, anageukia upande ambao haipo, alaf anapepesuka mpaka umdake mkono. Majirani wote wanasema presha hiyo, tumepima presha iko sawa.

Duka la kwanza walimpima haraka haraka wakatuuzia kifaa kimoja cha sikio la kulia, eti kimoja kinamtosha mtu mzima, wakati masikio yote mawili yamepungua karibu sawa! Kusikia akawa anasikia kweli, ila kwake kila sauti inatokea kulia, bajaji inakuja kutoka kushoto yeye anaikwepa kwa kwenda hukohuko kushoto. Iliniuma sana, nimetoa hela alaf mama yangu yuko hatarini kuliko mwanzo.

Sehemu ya pili tuliyoenda ndio nawapa nyota tano. Dada aliyetuhudumia alimwamkia mama, akakaa naye karibu saa zima, akampima kwenye kile chumba kisichopitisha sauti, sikio moja moja, akatuonyesha grafu mpaka mama mwenyewe akaelewa. Akatueleza hivi: mwili unasimama kwa kutegemea macho, nyayo na viungo, na ile mifereji mitatu ya majimaji iliyo ndani kabisa ya sikio, lakini sauti nazo zinachangia. Sauti ikitoka kushoto inafika sikio la kushoto mapema kidogo, tofauti haifiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, na ubongo unaishika hiyo tofauti unajua kitu kiko wapi na kinaelekea wapi. Kwa sikio moja hiyo hesabu haiwezekani vizuri. Akasema pia kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2015, wazee 14 wa miaka 65 mpaka 91 wanaovaa shime sikio, walisimamishwa kwenye sponji na pia mguu mmoja mbele ya mwingine, huku spika inatoa mvumo kama redio iliyokosa stesheni. Vifaa vikiwashwa walisimama vizuri kuliko vikizimwa.

Tukachukua mbili za kukaa nyuma ya sikio, milioni moja na laki nne kwa pea. Ni hela nyingi, sikatai, tulichanga ndugu wanne.

Nyumbani tukajaribu wenyewe (msijaribu bila mtu wa kumdaka, mi nilisimama nyuma yake na kiti kiko mbele). Mama kasimama, kafumba macho. Vifaa vimezimwa, anayumba. Tukawasha, redio inaongea pale kwenye kona, akatulia aisee, nimeona kwa macho yangu mabega hayachezi kama mwanzo. Sasa mjukuu wake akachukua simu yenye taarabu akawa anamzunguka nayo polepole, hapo kichwa kikaanza kuifuata ile sauti, mabega nayo yanafuata, akafumbua macho mwenyewe, “Mwanangu, naona kama nyumba inageuka.” Nikampigia yule dada, akasema ndio, sauti iliyotulia sehemu moja ubongo unaishikilia kama nguzo, ila inayotembea inaweza kuuvuta mwili, hasa macho yakiwa yamefumbwa. Kwahiyo redio yetu haihami tena pale kwenye kona, na watoto nimewakataza kumzunguka na simu akiwa amesimama.

Barabarani sasa hivi anasimama, anasikiliza, ananiambia “hiyo inatoka nyuma, inapita kushoto,” na kweli inapita kushoto. Wiki mbili za kwanza zilikuwa ngumu, sufuria zikigongana zinamuumiza, feni anaisikia kama mvua. Msikate tamaa hapo, rudini zikarekebishwe, sisi tulirudi mara tatu bila kulipa.

Kasoro zipo. Betri zile za kibandiko cha rangi ya chungwa zinaisha kila baada ya wiki moja na kitu, nunueni za akiba. Joto na jasho la Dar linaleta unyevu kwenye kimrija, kila usiku tunaziweka kwenye kopo lenye vile vipakiti vya kunyonya unyevu. Upepo ukivuma zinapiga kelele. Na kama mzee wako ana kizunguzungu cha kuona vitu vinazunguka hata akiwa amekaa, muone daktari kwanza, hizi hazitibu sikio la ndani.

Usiku anazivua, na akiamka kwenda chooni anakuwa hana sauti wala hana mwanga, yaani vitu viwili vimepungua kwa pamoja. Tumefunga taa ndogo koridoni, inawaka mpaka asubuhi.