DAPI au Hoechst 33342? Uzoefu wangu kwenye maabara ya malaria Nairobi

Kama pesa zinatosha rangi moja tu ya kuonyesha DNA, nunua Hoechst 33342. DAPI naipenda sana, lakini Hoechst hufanya kazi zake karibu zote na bado hupenya seli iliyo hai bila taabu.

Nafanya kazi katika maabara ya utafiti hapa Nairobi, na sehemu kubwa ya siku yangu ni kusoma slaidi za damu. Giemsa, rangi ya kawaida ya kupakia slaidi za malaria, bado tunaitumia. Taabu yake ni kwamba hupaka kila kitu: chembe sahani, uchafu, hata mabaki ya rangi yenyewe, na jioni macho yakichoka kila doa linafanana na kimelea. DAPI na Hoechst hutafuta DNA, na zikimulikwa kwa urujuanimno hung'aa samawati. Seli nyekundu ya damu ya binadamu ikishakomaa haina kiini, kwa hiyo nukta ya samawati ndani yake karibu kila mara ni mgeni. Seli nyeupe nazo hung'aa, ila kiini chake ni kikubwa mno kukuchanganya.

Tena Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria, anazifaa rangi hizi kuliko viumbe wengi. Takriban asilimia 80 ya jenomu yake, yaani DNA yake yote, ni besi za A na T, mbili kati ya "herufi" nne za DNA, na DAPI na Hoechst hushika hasa pale A na T zilipojaa, ndani ya mfereji mwembamba wa msokoto wa DNA. DAPI ikishika hapo, mwanga wake huongezeka mara 20 hivi, huku sehemu nyingine ya slaidi ikibaki giza totoro. Tazama skizonti iliyokomaa, yaani kimelea kilichokwisha kugawanya kiini chake mara nyingi: viini vimesongamana kama punje za komamanga, na unavihesabu kimoja kimoja. Kwa Giemsa mara nyingi napata bonge la zambarau tu.

DAPI ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1971, katika maabara ya Otto Dann, wakitafuta dawa ya malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Haikufaa kuwa dawa. Kwangu mimi niliyekulia nchi yenye mbung'o, habari hiyo hunigusa kila ninapofungua kichupa.

Kwa slaidi iliyotiwa methanoli ili seli zishike, mikrogramu 1 ya rangi kwa mililita, dakika tano, inatosha. Ndiyo maana nasisitiza mnunue unga: miligramu 10 hutoa lita 10 za mchanganyiko wa kutumia. Wakala mmoja alituletea mchanganyiko tayari uliokaa njiani bila barafu wala kufunikwa, na ulipofika ulikuwa hafifu. Unga huvumilia safari. DAPI iyeyushe kwanza kwenye maji safi, kwa sababu ikiwa nzito haiyeyuki vizuri kwenye bufa ya fosfeti, maji ya chumvi tunayotumia maabara. Gawa kwenye vichupa vidogo, funga kwa foili, weka kwenye friza.

Propidiamu iodaidi, rangi nyingine ya DNA, pia tunayo, lakini haiingii kwenye seli hai na hushika RNA vilevile. Inafaa kutambua seli zilizokufa, basi.

Kinachonikera zaidi ni taa. Hadubini yetu hutumia taa ya zebaki, inayodumu saa 200 hivi. Stima ikipotea katikati ya kazi, huiwashi tena mpaka ipoe, nusu saa au zaidi, na vimelea hai havikungoji. Mwenye uwezo atafute taa ya LED yenye mwanga wa nanometa 365, yaani urujuanimno. Na kama unatumia rangi ya kijani pamoja na DAPI, piga picha za kijani kwanza. Miale mikali ya urujuanimno hubadilisha sehemu ya DAPI ikaanza kung'aa kijani, nawe utadhani umepata matokeo. Miale hiyohiyo huumiza seli hai zenye Hoechst, kwa hiyo fungua mwanga kwa muda mfupi tu.

Vaeni glavu, na mabaki msiyamwage kwenye sinki. Kinachoshika DNA ya kimelea kitashika na yako.