Ruzuku ya Templeton au Ufadhili wa Humboldt?
Mtafiti wa falsafa ya dini za ulimwengu hujiuliza aelekee wapi: John Templeton Foundation ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1987, au Alexander von Humboldt Foundation ya Ujerumani. Kwa ukubwa wa kazi Templeton inashinda, kwani ruzuku yake yaweza kubeba mradi wenye watafiti wengi na makongamano; lakini maombi hupita hatua mbili, na kwa kawaida fedha hupitia taasisi, yenye mzigo wa hesabu na ripoti. Humboldt humlipa mtafiti mwenyewe posho ya kila mwezi, mradi awe na shahada ya uzamivu na mwenyeji Ujerumani, yaani msomi wa taasisi ya huko aliyekubali kumpokea (kumpata huyo ndiyo kazi hasa). Mwenye timu na chuo kinachomuunga mkono atafaidika na ya kwanza. Anayehitaji utulivu wa kumaliza kitabu, ya pili.