Seti ya maumbo ya manila: inunuliwe, lakini koni ikatwe upya

Wanafunzi wa klabu ya hisabati ya sekondari moja hapa Tanga hutengeneza maumbo ya jiometri kwa karatasi za manila na kuyauzia shule za msingi kwa shilingi 12,000 kwa seti. Seti tuliyoinunua kwa ajili ya Darasa la Sita ina mchemraba, mche wa pembetatu, piramidi tatu zinazofanana, mcheduara, koni, na umbo moja lenye nyuso 12 za pembetano. Baada ya kuitumia muhula mzima, naona kuwa maumbo yenye nyuso bapa yanayapita kwa mbali yale ya plastiki ya madukani, ilhali koni haifai kuingia darasani kama ilivyo.

Ufundi wa kukunja ni wa kusifiwa. Kila mstari wa kukunjia umepitishwa kwanza biki iliyokwisha wino, kwa kufuata rula, ndipo manila ikakunjwa, na kwa sababu hiyo kingo zimenyooka na hazina makunyanzi. Vipande vya kubandikia navyo vimekatwa mshazari kwenye ncha ili visisongamane ndani ya kona, jambo ambalo hata sisi walimu hulisahau tunapotengeneza zana zetu usiku wa kuamkia kipindi.

Umbo la nyuso 12 ndilo lililonishawishi zaidi. Mtoto akiambiwa ahesabu kingo zake kwa macho hupotea njiani, lakini karatasi hukubali penseli, kwa hiyo huweka alama kila ukingo anaoupita. Tena maungio yanaonekana wazi: upande wa pembetano moja umekutana na upande wa pembetano nyingine, na pande mbili zimekuwa ukingo mmoja. Kutoka hapo wanafunzi hufika wenyewe kwenye hesabu kwamba pembetano 12 zina pande 60, kwa hiyo kingo ni 30, na kwa kuwa kila kona hukutanisha pembetano tatu, kona ni 20. Ukijumlisha nyuso na kona kisha ukatoa kingo unabaki na 2, na ukirudia kwa mchemraba (6, 8 na 12) unapata 2 ileile, kama alivyoonyesha Euler katika karne ya 18. Umbo la plastiki lililotoka kiwandani likiwa kipande kimoja halisemi lolote kuhusu jinsi pande zilivyoungana.

Piramidi tatu nazo zimebuniwa kwa akili. Kilele cha kila moja hakiko juu ya katikati ya kitako bali juu ya kona yake moja, na kimo ni sawa na upande wa kitako, sentimita 10. Zikipangwa vizuri zinaunda mchemraba kamili bila kuacha nafasi. Ile theluthi ya kanuni ya ujazo wa piramidi, ambayo kwa kawaida hukaririwa tu, hapa mwanafunzi anaishika mkononi.

Tatizo ni koni. Mcheduara una nusu kipenyo cha sentimita 6 na kimo cha sentimita 8, na bila shaka koni ilikusudiwa kulingana nao, maana mfuniko wake una upana wa sentimita 12. Kwa mshazari (urefu wa ubavu wa koni kutoka kileleni hadi mdomoni) wa sentimita 10, kipande cha duara kilipaswa kuwa na pembe ya nyuzi 216, yaani 360 mara 6 gawa kwa 10. Waliotengeneza wametumia nusu duara, nyuzi 180, hivyo mdomo wa koni umekuwa na nusu kipenyo cha sentimita 5 na mfuniko umetokeza pande zote kama ukingo wa pama. Kama lingekuwa suala la sura tu ningelinyamazia. Lakini koni hiyo ukiijaza mchele na kuumimina kwenye mcheduara, unahitaji koni nne, si tatu kama inavyopaswa kwa koni yenye kitako na kimo sawa na vya mcheduara, na nne hizo zinajaa karibu barabara, kiasi kwamba darasa zima linaweza kuondoka likiamini kwamba koni ni robo ya mcheduara. Kosa linalojificha vizuri namna hii ni baya kuliko koni iliyopinda waziwazi.

Gundi pia ni dhaifu. Wametumia uji wa unga, ambao wakati wa masika hulainika na kuachia, na mende huupenda. Kwa bei ileile wanakubali kuuza maumbo yakiwa bapa, yamekatwa na kupitishwa biki lakini hayajabandikwa, na hivyo ndivyo ningeshauri shule iagize: unaweka gundi ya mbao mwenyewe, na kabla ya kubandika wanafunzi wanapata kuona mchemraba ukiwa miraba sita iliyoshikana mezani. Koni iagizwe kwa nyuzi 216, ziandikwe kabisa kwenye karatasi ya oda.